Siku Somo Alipohojiwa

Pale Kivinje watu walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Mgeni akihamia mtaani kwetu asubuhi, hata adhuhuri haijafika alikuwa ameshamsikia akimwita muuza maji, au akijibizana na jirani wa nyumba ya mbali bila kuinuka kwenye mkeka, au akimkemea mbuzi aliyeingia jikoni. Ndipo mgeni huulizia: "Huyu mama mwenye sauti ni nani?" Kila mtu alikuwa na jibu lake. Sisi tuliofundwa naye tulimwita Somo.

Kwetu somo ni mwanamke anayemchukua msichana anapovunja ungo, akamkalisha ndani na kumfunda: usafi wake, heshima yake, maisha ya mume na mke, na namna ya kujilinda na watu. Wangu alinifunda mimi na wasichana wengi wa mtaa ule, na mama zetu walimwamini kuliko walivyojiamini wenyewe. Hakuwa mpole. Ukikosea alikugonga kwa kidole katikati ya paji la uso, akasema, "Hapa. Liweke hapa."

Kazi yake nyingine haikuwa na jina. Ikiwepo harusi, yeye ndiye aliyesimama kuwapanga watu na kutangaza kila hatua, bila kipaza sauti, na wa nyuma kabisa wakasikia. Ukitokea msiba, alipita mtaa kwa mtaa kutoa taarifa. Hapo sauti ile ile ya harusi ilishuka chini, ikawa nzito na ya taratibu, hata waliokuwa sokoni wakibishana bei walinyamaza kabla hawajajua ni nani aliyekufa. Mtoto akipotea, mama yake hakwenda polisi kwanza, alikwenda kwa Somo. Namkumbuka akipita nyuma ya majengo ya Wajerumani, yale magofu tuliyokatazwa kuchezea, akiita jina la kitoto kimoja cha jirani kwa sauti tamu kama anamwitia wali, mpaka kikajibu kutoka ndani ya kuta.

Hakulipwa kwa hayo. Alipewa sahani ya pilau, akapewa "ahsante sana, mama", basi.

Nikisema alikuwa mtu wa namna moja nitakuwa muongo. Alitufundisha kwamba mwanamke mwenye akili hasemi kila anachokijua, na yeye mwenyewe hakuweza kukaa na neno mpaka chai ipoe. Alichukia umbeya, lakini ukitaka kujua nani kaachwa na nani kaposwa hukuwa na haja ya kwenda kwingine. Alikuwa mkarimu wa kukupa chakula chake akalala na njaa, ila sufuria yake kubwa hakumwazima mtu. Aliipeleka mwenyewe shughulini na kukaa nayo kama mlinzi. Alikuwa na ndugu kisiwani Songo Mnara aliowapenda sana, na kila alipokwenda kuwatazama alivuka amefumba macho tangu boti inaondoka mpaka inafika, akisoma dua kwa sauti iliyomfanya nahodha amwombe apunguze.

Alikuwa na misemo yake. Sijui aliitoa wapi, na sidhani kama aliitoa popote. "Mtu akikusikiliza nusu, naye mpe nusu." Hiyo aliisema sana. Na nyingine: "Adabu si kunyamaza. Adabu ni kujua anayekusikia ana nini moyoni." Zamani nilidhani ni maneno ya watu wazima tu, ya kujaza muda.

Alipenda kusoma kwa sauti. Darasa la saba ndilo alilofika, lakini karatasi yoyote yenye maandishi haikupita mbele yake bure. Gazeti lililofungiwa maandazi alilikunjua, akapangusa mafuta, akasimama mlangoni na kuwasomea majirani habari za mwaka juzi kana kwamba zimetokea leo asubuhi. Watu walicheka, kisha wakasikiliza. Mumewe, enzi za uhai wake, alikuwa akimwambia, "Wewe ungezaliwa mjini ungekuwa redioni." Mume akafariki, na neno lile likabaki naye.

Kwa hiyo siku redio moja ya Lindi ilipotangaza kwamba inatafuta mtangazaji wa kipindi cha mchana cha akina mama, nilikuwa nimekaa kwake tukimenya mihogo. Tangazo lilisema wanataka mama mtu mzima, mwenye Kiswahili kizuri, anayejua mila na desturi za pwani. Somo aliacha kisu juu ya muhogo.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Somo."

"Wamesema mtu mzima."

"Wamesema."

Akaendelea kumenya, lakini maganda yalianza kuwa manene, anakata mpaka nyama ya muhogo. Baada ya muda akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, kama naweza kumwandikia barua ya maombi. Wakati ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani tu, nasubiri kitu ambacho hata mimi sikijui. Nilikwenda kuichapisha barua yake dukani. Akapiga picha ya pasipoti, na hakuipenda, akairudia. Walipompigia simu kwamba aende kwenye usaili, mtaa mzima ulijua kabla hajaikata.

Siku zile kabla ya safari alifanya mazoezi uani. Tuliokuwa nje ya ukuta tulimsikia akisoma, akirudia, akijisahihisha. Mama mmoja alimshonea gauni jipya la dira. Wengine walimwombea msikitini. Akaniomba nimsindikize, maana Lindi hakuijua vizuri, na alitaka mtu wa kumshikia mkoba atakapoingia ndani.

Tulipanda bajaji alfajiri mpaka Nangurukuru, tukachukua basi la kwenda Lindi. Alikuwa ameishika bahasha mapajani kwa mikono miwili, imelala, kama mtu aliyebeba sahani yenye mchuzi.

Tuliambiwa tuwahi, tukawahi. Kulikuwa na wanawake wengine kwenye benchi, wote watu wazima, wote wamevaa vizuri. Mhojaji, ambaye ndiye mkuu wa vipindi, hakuwepo. Asubuhi ikapita. Wawili kati ya wale walichoka wakaenda zao. Adhuhuri Somo aliswali kwenye kona ya varanda, akarudi kukaa pale pale. Mhojaji alikuja baadaye, kijana, miwani ya jua kichwani, mkononi ana mfuko wa chipsi mayai. Alitupita bila salamu. Wengine wakaitwa mmoja mmoja, wakakaa kidogo tu, wakatoka nyuso zimefungwa. Tukabaki sisi.

Akachungulia mlangoni. "Nyie wawili ingieni pamoja, tuokoe muda."

"Mimi nimemsindikiza tu," nikasema.

"Ingia bwana, kuna kiti."

Ndani alikuwa anakula. Somo alimpa shikamoo, yeye mtu wa umri wa mama yake, kwa sababu ndiyo heshima aliyodhani ofisi inataka. Yule bwana akaitikia marahaba huku anatafuna. Akaipokea bahasha, akaiweka mezani bila kuifungua, na juu yake akatua chupa ya soda.

"Bi mkubwa, una miaka mingapi?"

Somo akamwambia.

"Mh! Na mumeo anakuruhusu?"

"Mume wangu alifariki."

"Pole. Sasa bi mkubwa, hizi mashine zetu utaziweza? Siku hizi mambo ni ya kompyuta."

"Nitafundishwa, baba. Mtu hafi kwa kufundishwa."

Akacheka, akanitazama mimi kama tumecheka wote. Kisha akampa karatasi asome. Ilikuwa tangazo la kifo, yale yanayosomwa na redio zetu: fulani amefariki, mazishi wapi, habari ziwafikie ndugu wa Rondo na ndugu wa Kilwa. Somo akaishika mbali kidogo na macho, akavuta pumzi. Aliposema neno la kwanza tu nikaitambua. Ilikuwa ile sauti ya mtaa kwa mtaa.

Simu ya yule bwana ikaita. Akaipokea. Alikuwa anazungumza na rafiki yake habari za mpira, nani kafungwa na nani kabeti wapi, anacheka mpaka kiti kinarudi nyuma. Somo akanyamaza. Yeye akamfanyia ishara kwa mkono: endelea, endelea, nakusikia.

Somo hakuendelea. Alingoja mpaka simu ikakatwa.

"Mbona umekaa kimya?"

"Nakusubiri umalize, baba. Hili ni tangazo la msiba."

"Redio haimsubiri mtu, bi mkubwa." Akamnyang'anya ile karatasi. Hapana, nisimsingizie, alinyoosha mkono tu, na Somo akampa. Akaigeuzia kwangu. "Haya, na wewe mrembo, hebu soma tuone."

Nilimtazama Somo. Alikuwa anatazama chupa ya soda juu ya bahasha yake. Nikasoma. Nilisoma kama nilivyomsikia yeye akisoma tangu utoto wangu, nikashusha sauti pale alipokuwa akishusha, nikapumzika alipokuwa akipumzika. Katikati simu iliita tena, na yule bwana akaizima.

"Hii ndiyo sauti!" akasema. "Unaweza kuanza Jumatatu?"

"Aliyeomba ni yeye," nikasema.

"Bi mkubwa tutampigia."

Somo akainuka. Akasema, "Ahsante, baba." Akaitoa bahasha chini ya chupa, akaipangusa kwa pembe ya mtandio wake mahali palipolowa, akatoka.

Watu hudhani jambo baya la siku ile ni lile la ofisini. Kwangu mimi baya lilikuja kwenye basi. Tulipokuwa tunapita Mchinga aliniuliza, bila kunigeukia, "Unaitaka?"

"Sijui, Somo."

"Sikukufunda kusema sijui. Unaitaka?"

Nilikuwa na miaka ishirini, sina kazi, sina mchumba, na tangu tulipotoka mle ofisini moyo wangu ulikuwa unaruka kama wa mtoto aliyenunuliwa viatu. Ningeweza kusema sitaki. Nimejaribu mara nyingi kujiona nikisema sitaki, na kila mara namuona msichana mwingine, si mimi.

"Naitaka, Somo."

"Basi nenda," akasema.

Mtaani walikuwa wanatungoja. Wanawake wametoka milangoni, na yule aliyeshona dira yuko mbele yao. "Vipi? Umepata?"

Somo akainua mkono juu, na sauti yake ikasikika mpaka sokoni. "Tumepata!"

Wakapiga vigelegele. Wakamkumbatia. Mimi nilisimama nyuma na mkoba wake mkononi. Iliwachukua mpaka kesho yake kuelewa nani hasa aliyepata, na hakuna aliyenilaumu mbele yangu. Walinipongeza. Yule mama wa dira alinipongeza pia, ila aliniangalia miguuni.

Sasa nitakuambieni nilivyokifanya kile kipindi. Msichana wa miaka ishirini ana nini cha kuwaambia wanawake wa pwani? Nilikuwa na maneno ya mtu mmoja tu. Mama akiandika kwamba mumewe hamsikilizi, nilisema, "Mtu akikusikiliza nusu, naye mpe nusu," na simu zikamiminika. Walinisifu kwamba nina busara kupita umri wangu. Mwanzoni nilisema, "Kama alivyonifunda somo yangu." Baadaye kipindi kikawa na haraka, matangazo yakawa mengi, na yale maneno "somo yangu" yakawa yanachukua nafasi. Nikayaacha.

Mwaka ule wa kwanza nilimuuliza yule bwana kama waliwahi kumpigia yule mama. Akaniuliza, kwa dhati kabisa, "Mama yupi?" Hakuwa anajificha. Alikuwa amemsahau. Haukupita muda akaenda Dar es Salaam kutafuta makubwa, na sijamsikia tena. Nilijaribu kumchukia, lakini chuki ile haikunisaidia kitu, maana yeye alikwenda na kiti nilibaki nacho mimi.

Nilipokuwa nikirudi Kivinje nilimpitia Somo na sukari na kitenge, naye alipokea kwa mikono miwili na kunipikia. Habari za redio hakuniuliza. Kuna majirani walioniambia kwamba saa ya kipindi changu redio yake husikika mpaka barabarani. Wengine waliniambia kwamba saa ile hufunga dirisha na kulala. Sikutaka kujua wa kweli ni wepi. Lakini jambo moja nililiona mwenyewe: aliacha kusoma magazeti mlangoni. Maandazi yakija, alitoa maandazi na karatasi akaiwashia moto.

Harusini aliendelea kusimama, na misibani pia. Nilimsikia mara moja kwenye mazishi ya mjomba wangu, nikatoka nje kwa sababu sikuweza kuvumilia. Watu walidhani namlilia mjomba.

Mwaka jana mimi nilipewa ukuu wa vipindi, na ofisi ile ile. Meza imebadilishwa, chumba ni kile kile. Jambo la kwanza nililofikiri ni kuanzisha kipindi kipya cha mila na kumpa Somo. Nililifikiria kwa furaha, kama mtu aliyepata dawa. Nikapanda basi.

Nilimkuta uani anakaanga samaki. Amezeeka, goti linamsumbua, anainuka kwa kushika ukuta. Sauti haijapungua.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote: kipindi, siku, mtu wa kumsaidia mitambo, gari la kumfuata. Nilizungumza sana. Alinisikiliza huku anawatazama samaki. Nilipomaliza akauliza:

"Umekuja kunipa kazi au umekuja kuomba radhi?"

Nikauvuta mkoba wangu mapajani.

"Maana hayo ni mambo mawili. Ukiyachanganya hutapata hata moja."

"Nimekuja kuomba radhi, Somo."

"Radhi nilikupa siku ile kwenye basi, nilipokwambia nenda. Ningekuwa sijakupa usingefika popote." Akageuza samaki mmoja. "Lakini iliniuma. Usije ukadhani haikuniuma. Hukuniibia, na iliniuma kama nimeibiwa. Sijui jambo kama hilo wanaliitaje."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Alipunguza makaa jikoni, yakabaki machache, akashika ukuta, akainuka.

"Hiyo kazi yako ina usaili?"

"Wewe huhitaji usaili, Somo."

"Nimekuuliza, ina usaili?"

"Ina."

"Ningoje."

Akaingia ndani. Alikaa humo mpaka nikafikiri amejilaza. Alipotoka alikuwa amevaa baibui safi na mtandio, amejipaka wanja. Akavuta kile kiti chake cha plastiki, akakaa amenielekea, mikono juu ya mapaja.

"Haya. Nihoji. Kama anavyohojiwa mtu."

Nilijifuta uso. Nilizima simu yangu, nikaitia kwenye mkoba. Nikamuuliza jina lake kamili, akanitajia. Nikamuuliza ana uzoefu gani.

"Nimewatangazia watu wa hapa harusi zao na misiba yao, tangu sijaota mvi. Nimefunda wasichana. Mmoja anatangaza redioni."

Alilisema bila kejeli, na hilo ndilo lililonichoma.

"Na kwa nini unaitaka kazi hii?"

Mafuta yalikuwa yanachemka kidogo kidogo, na mahali fulani nyuma ya nyumba mtu alikuwa anatwanga.

"Kila aliyewahi kunisikiliza alikuwa na shida yake," akasema. "Ana harusi yake, ana maiti yake, mtoto wake kapotea. Akishapata anachokitaka anakwenda zake. Mimi nilitaka mtu anisikilize hana shida yoyote. Amekaa tu kwake, anaosha vyombo, anasema ngoja nimsikie yule mama anasema nini leo."

Nilimuuliza mengine, yote yanayoulizwa, na aliyajibu yote, kwa utaratibu, hakuruka hata moja. Sikumkatiza. Nilipofika mwisho nikasema:

"Somo, umepata kazi."

"Najua," akasema. "Hata siku ile nilijua."

"Kwa hiyo nije kukuchukua Jumatatu?"

"Kazi siitaki, mwanangu. Goti hili halipandi gari. Mtafute mwingine, na umsikilize mpaka amalize." Akavua mtandio, akaukunja vizuri, akauweka juu ya kiti. Kisha akashika ukuta na kurudi jikoni. "Samaki wataungua. Lete sahani."

Nikainuka kuleta sahani.